Sir Ernest Shackleton, Mkuu Aliyejua Kukabidhi Kazi

Wasomaji wapenzi, safari hii nimechagua kuwaandikia maisha ya Sir Ernest Shackleton, mpelelezi wa nchi za barafu, aliyefariki mwaka wa 1922. Sikumchagua kwa sababu alifika mahali alipokusudia, maana safari zake kubwa hazikufika zilikokusudiwa. Nimemchagua kwa sababu ya jambo moja lililonitia aibu muhula uliopita, nalo ni jambo la kukabidhi kazi.

Muhula huo nilikuwa kiranja wa bweni letu. Wiki tatu za kwanza nilifagia, nikapiga deki na kuchota maji karibu peke yangu, kwa kuwa niliona wadogo hawafanyi kama nitakavyo. Nikachoka, na masomo yangu yakarudi nyuma. Mwalimu wa zamu akanishauri niwagawie wenzangu kazi. Basi nikaandika orodha, nikaibandika mlangoni, nikaenda zangu maktaba. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza aliandikiwa mfereji wa bafuni. Jumamosi ya ukaguzi mfereji ukaonekana mchafu, nami nikampeleka kwa mwalimu, akaadhibiwa. Jioni yake nilitia mkono mfukoni nikaukuta ufunguo wa stoo. Fagio na ndoo zote zilikuwa zimefungiwa humo tangu Alhamisi. Yule mtoto alikuwa amejaribu kuusafisha mfereji kwa kopo lake la kunywea maji, wala hakunishtaki kwa mtu yeyote.

Siku hizo nilikuwa nikisoma kitabu cha habari za Shackleton. Nikaona kwamba mtu huyu aliyajua mambo niliyokuwa siyajui. Tena nilipoendelea kusoma nikaona kwamba hata yeye, mahali pamoja, aliondoka na ufunguo mfukoni. Sehemu zote mbili nitazieleza.

UTOTO NA UJANA WAKE

Ernest Henry Shackleton alizaliwa tarehe 15 Februari, 1874, huko Kilkea, katika jimbo la Kildare, nchi ya Ireland. Alikuwa mtoto wa pili katika watoto kumi. Baba yake alikuwa mkulima, kisha akaacha shamba akasomea udaktari, na mwaka wa 1884 akahamia London pamoja na jamaa yake yote. Alitamani mwanawe awe daktari pia, lakini moyo wa kijana ulikuwa baharini. Katika shule ya Dulwich hakusifiwa sana kwa masomo, na alipotimiza miaka 16 aliacha shule akaingia katika merikebu ya matanga kujifunza ubaharia. Mwaka wa 1898 alipata cheti cha unahodha.

Miaka hiyo ya bahari ilimfaa sana. Merikebu ya matanga ni shule ya kugawana kazi, kwani mtu mmoja hawezi kushika usukani, kupanda mlingotini na kukumba maji kwa wakati mmoja. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini chombo chenye nahodha mmoja asiyeamini mabaharia wake nacho hakifiki.

Mwaka wa 1901 alikwenda Antarctica, bara la barafu lililo upande wa kusini kabisa wa dunia, pamoja na Robert Scott katika merikebu ya Discovery. Huko aliugua kiseyeye, na mwaka wa 1903 akarudishwa kwao. Jambo hilo lilimwuma. Mwaka wa 1907 alitoka tena, safari hii akiwa mkuu mwenyewe, katika merikebu ya Nimrod. Tarehe 9 Januari, 1909, yeye na wenzake watatu, mmoja wao akiwa Frank Wild, walifika mahali palipobakiza maili 97 za baharini tu kufika Ncha ya Kusini. Hakuna mtu aliyekuwa amefika kusini namna hiyo kabla yao. Lakini chakula kilikuwa kimepungua, naye akatambua kwamba wakiendelea hawatarudi hai. Akageuka. Mwaka huohuo Mfalme Edward wa 7 alimpa daraja la Sir.

MERIKEBU MBILI

Mwaka wa 1911 Roald Amundsen wa Norwei aliifikia Ncha ya Kusini kabla ya watu wote. Shackleton basi akatafuta kazi nyingine, nayo ni kulivuka bara lote la Antarctica kwa miguu na mbwa, tangu pwani moja hata ya pili, mwendo wa maili 1,800 hivi. Kazi hii ilihitaji merikebu mbili. Ya kwanza, jina lake Endurance, maana yake ustahimilivu, ingempeleka yeye upande wa Bahari ya Weddell. Ya pili, jina lake Aurora, ingekwenda upande wa pili wa bara, Bahari ya Ross. Watu wa Aurora wangeweka akiba za chakula njiani, ili Shackleton na wenzake wazikute katika nusu ya mwisho ya safari. Bila akiba hizo wangekufa njaa. Nawaomba mwikumbuke merikebu hii ya pili, maana tutairudia.

Endurance iliondoka kisiwa cha South Georgia tarehe 5 Desemba, 1914, ikiwa na watu 28. Miongoni mwao walikuwamo mabaharia, madaktari wawili, wataalamu wa elimu ya viumbe na ya hali ya hewa, mpiga picha, mchoraji, seremala na mpishi. Alikuwamo pia kijana mmoja wa Wales, Perce Blackborow, aliyejificha ndani ya merikebu ilipokuwa Buenos Aires. Shackleton alimkaripia vikali, kisha akampa kazi ya kumsaidia mpishi. Hakumwacha akae bure, wala hakumpa kazi asiyoiweza.

Mwezi wa Januari, 1915, barafu ya bahari iliizunguka merikebu ikaishika kama saruji. Kwa miezi kumi haikuweza kwenda mbele wala nyuma. Hapo ndipo tunapoanza kumwona Shackleton alivyogawa kazi.

Kwanza, kazi za jumla zilikuwa za wote. Mabaharia na wataalamu walipiga deki kwa zamu, na zamu za kukesha usiku zilishikwa na wote. Daktari hakuweza kusema kwamba yeye hakusoma ili apige deki.

Pili, kazi zenye ujuzi alizikabidhi kwa wenye ujuzi, akazikabidhi hasa. Mbwa wa kuvuta magari ya barafu waligawanywa katika makundi sita, na kila kundi likapewa mtu wake mmoja wa kulilisha, kulifundisha na kuliendesha. Unahodha wa merikebu ulikuwa wa Frank Worsley, ingawa Shackleton mwenyewe alikuwa na cheti cha unahodha. Hesabu ya vyakula ilikuwa na mtunzaji wake. Frank Wild alikuwa msaidizi mkuu wa Shackleton, na watu walimpelekea mashauri yao madogo madogo, naye aliyakata bila kumsumbua mkuu kwa kila jambo.

Tatu, aliwajua watu wake. Wale wenye manung'uniko hakuwatupa mbali, bali aliwaweka karibu naye. Baadaye walipoishi katika mahema, baadhi ya watu wagumu aliwachukua katika hema lake mwenyewe, asije mwingine akalemewa nao.

KAMBI JUU YA BARAFU

Tarehe 27 Oktoba, 1915, barafu iliivunja Endurance mbavu zake, na Shackleton akaamuru watu watoke. Tarehe 21 Novemba merikebu ikazama kabisa. Watu 28 wakabaki juu ya barafu inayoelea, wakiwa na mahema, mashua tatu, na vyakula walivyoweza kuokoa. Mifuko ya kulalia ya ngozi ilikuwa 18 tu, na iliyobaki ilikuwa ya sufu, isiyozuia baridi sawasawa. Ilipigwa kura, na mingi ya ngozi ikawaangukia mabaharia wa kawaida. Shackleton na Worsley walilala katika sufu. Mkuu anayejitwalia kilicho bora hawezi kumtuma mtu kazi ngumu akaenda kwa moyo.

Hata hivyo kazi haikwenda bila ugomvi. Mwezi wa Desemba, walipokuwa wakizikokota mashua juu ya barafu, seremala Harry McNish alikataa kwenda mbele. Alidai kwamba merikebu imekwisha zama, kwa hiyo mkataba wa mabaharia umekwisha. Shackleton aliwakusanya watu wote, akawasomea mkataba, akawaeleza kwamba mishahara yao itaendelea na amri yake ingali amri. Seremala akarudi kazini. Shackleton hakulisahau jambo hilo. Lakini tutaona kwamba ilipohitajiwa kazi ya useremala, aliikabidhi kwa seremala yuleyule, kwa sababu hakuna aliyeiweza kama yeye.

Tarehe 9 Aprili, 1916, barafu ilipasuka, wakaingia katika mashua. Baada ya siku na usiku wa baridi, maji ya chumvi na kukosa usingizi, tarehe 15 Aprili walifika Elephant Island. Ilikuwa zaidi ya miezi 16 tangu walipokanyaga nchi kavu. Lakini kisiwa hicho kilikuwa jabali na barafu, hapakukaa mtu, wala hapakupita merikebu.

KAZI MBILI ZA MWISHO

Hapo Shackleton aliona kwamba zipo kazi mbili. Moja ni kuvuka bahari kwa mashua ndogo kwenda South Georgia, maili 800 za baharini, kutafuta msaada. Nyingine ni kuwaweka hai wale watakaobaki. Watu wengi huisifu ile ya kwanza. Mimi naona ya pili ilikuwa nzito vilevile, na hiyo ndiyo aliyoikabidhi.

Alimkabidhi Frank Wild watu 21. Hakusema tu wakae salama mpaka arudi. Alimpa amri yote juu ya watu na vitu, naye akaiandika, ili asitokee mtu wa kubisha. Akamwachia mashua mbili na vyakula vilivyokuwapo. Tena akamweleza la kufanya ikiwa yeye hatarudi, kwamba majira ya baridi yakiisha ajaribu mwenyewe kwenda kwa mashua kutafuta msaada katika kisiwa cha Deception. Tazameni alivyofanya. Alitaja kazi, akatoa amri ya kuifanya, akatoa vyombo, na akasema njia ya kufuata endapo mambo yataharibika. Baada ya hayo akamwamini, maana hapakuwa na njia ya kumpelekea neno jingine.

Seremala McNish alikabidhiwa mashua iliyoitwa James Caird, ambayo urefu wake haukufika mita saba. Alitumia mbao za magari ya barafu, vifuniko vya masanduku na turubai kuifunika juu. Turubai ilikuwa imeganda kama ubao, ikabidi kuipasha moto kidogo kidogo ndipo sindano ipite. Kalafati yake ilikuwa utambi wa taa, rangi za yule mchoraji na damu ya sili, mnyama wa baharini waliyemla.

Tarehe 24 Aprili waliondoka watu sita, yaani Shackleton, Worsley, Tom Crean, McNish, Timothy McCarthy na John Vincent. McNish alichukuliwa kwa ujuzi wake, na inasemekana pia yeye na Vincent walichukuliwa ili wasimletee Wild taabu kule nyuma. Walishika zamu watatu watatu. Crean alipika. Worsley alipima jua kila lilipochungulia mawinguni, nalo lilichungulia mara chache sana, huku wenzake wamemshikilia asitupwe baharini. Walipokaribia South Georgia, Worsley alieleza wazi kwamba hesabu yake yaweza kukosea kwa maili kumi hivi. Basi Shackleton akaamua waelekee pwani ya magharibi, wasije wakakipita kisiwa gizani na kupotea. Kupima ilikuwa kazi ya Worsley. Kuamua ilikuwa kazi ya Shackleton, wala hakumwachia mwingine lawama yake.

Tarehe 10 Mei walishuka pwani. Lakini vituo vya wavua nyangumi vilikuwa upande wa pili wa kisiwa, na katikati ni milima ya theluji ambayo hakuna aliyekuwa ameivuka. McNish na Vincent walikuwa wamechoka mno. Shackleton aliwaacha pamoja na McCarthy, akaenda na Worsley na Crean. McNish alitoa skurubu za mashua akazipigilia katika soli za viatu vyao wasiteleze. Walikwenda saa 36 karibu bila kupumzika. Wakati mmoja wenzake wawili walilala. Shackleton alijua kwamba wote watatu wakilala kwenye baridi ile hawataamka, basi akakesha. Baada ya dakika tano tu akawaamsha, akawaambia wamelala nusu saa. Hiyo ndiyo kazi ambayo hakumkabidhi mtu. Mkuu aweza kugawa kupika, kushona na hata unahodha, lakini wote wanapolala, wa kukesha ni yeye.

Tarehe 20 Mei waliingia katika kituo cha Stromness. Worsley alirudi kwa merikebu kuwachukua wale watatu. Kisha Shackleton akaanza kuwatafutia watu wa Elephant Island merikebu. Barafu ilimrudisha mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mara ya nne serikali ya Chile ilimpa merikebu ndogo iitwayo Yelcho, nahodha wake Luis Pardo, na tarehe 30 Agosti, 1916, akafika.

Je, Wild alikuwa ameifanyaje kazi yake? Mashua mbili alizipindua juu ya kuta za mawe zikawa nyumba. Naye pia aligawa kazi. Palikuwa na zamu za jikoni, watu wa kuwinda sili na pengwini, na mtu wa kupiga banjo ili wenzake waimbe. Blackborow, yule kijana aliyejificha, vidole vya mguu wake vilikufa kwa baridi. Madaktari wawili, McIlroy na Macklin, waligawana kazi, mmoja akakata, wa pili akatoa dawa ya usingizi, ndani ya nyumba ile yenye moshi wa mafuta ya sili. Kijana akapona. Kila asubuhi bahari ilipokuwa wazi Wild aliwaambia watu wakunje mifuko yao ya kulalia, kwa kuwa huenda mkuu akafika siku hiyo. Aliwaambia hivyo kwa miezi minne. Shackleton alipokaribia pwani aliwahesabu kwa macho, akawakuta wote 22 wapo hai.

UFUNGUO MFUKONI

Watu wengi wakifika hapa husema kwamba Shackleton hakupoteza hata mtu mmoja. Maneno hayo ni kweli kwa watu wa Endurance. Lakini palikuwa na Aurora.

Mkuu wa watu wa Bahari ya Ross aliitwa Aeneas Mackintosh. Alipewa kazi kubwa ya kuweka akiba za chakula mpaka karibu na barafu ya mlima iitwayo Beardmore. Lakini hakupewa vyombo vya kutosha. Fedha zilikuwa haba, na merikebu ilikutwa Australia ikihitaji matengenezo mengi ambayo hayakuwa yamelipiwa. Maagizo pia hayakumfikia wazi. Mackintosh alidhani kwamba Shackleton huenda akavuka katika majira yaleyale ya kwanza, kwa hiyo aliwaharakisha watu na mbwa waliokuwa hawajazoea, na mbwa wengi wakafa. Mwezi wa Mei, 1915, dhoruba iliing'oa Aurora nangani ikaichukua baharini, na watu kumi wakaachwa pwani, nguo nyingi na vyakula vingi vikiwa vingali merikebuni.

Watu hao wangeweza kukaa tu. Hawakukaa, kwa sababu waliamini kwamba wasipoweka chakula, Shackleton na wenzake watakufa. Walishona nguo kwa turubai kuukuu, wakavuta mizigo kwa mabega yao, wakashikwa na kiseyeye. Mwezi wa Januari, 1916, waliweka akiba ya mwisho mahali palepale walipoagizwa. Wakati huo Endurance ilikuwa imekwisha zama miezi miwili nyuma. Hapana mtu aliyekuwa anakuja. Katika kurudi alikufa Arnold Spencer-Smith, na baadaye Mackintosh na Victor Hayward walipotea juu ya barafu ya bahari. Shackleton alifika na Aurora mwezi wa Januari, 1917, akawachukua saba waliobaki.

Mimi niliposoma sura hiyo nilifunga kitabu kwa muda. Mtu yule mmoja, katika safari ile moja, alikabidhi kazi mbili. Wild alipewa kazi pamoja na amri iliyo wazi na vyote vilivyokuwapo, na watu wake wote wakaishi. Mackintosh alipewa kazi bila fedha, bila merikebu nzima, bila maagizo ya kueleweka. Kazi ikafanyika, lakini watu watatu wakailipia kwa maisha yao. Sisemi kwamba dhoruba ilikuwa kosa la Shackleton. Nasema kwamba umbali si udhuru. Ukimtuma mtu mahali usipoweza kumfikia, ndipo yakupasa zaidi kuhakikisha kwamba ameondoka na kila kitu.

Kosa lake jingine lilikuwa juu ya seremala. Watu wengi wa Endurance walipewa nishani ya nchi za barafu. McNish hakupewa, kwa sababu Shackleton hakumpendekeza. Mashua aliyoitengeneza ndiyo iliyowaokoa wote, lakini ugomvi wa siku ile moja haukusamehewa. McNish alifariki mwaka wa 1930 huko Wellington, New Zealand, akiwa maskini. Kumkabidhi mtu kazi ni pamoja na kumpa sifa yake ikiisha.

MWISHO WAKE

Mwaka wa 1921 Shackleton alitoka tena kwenda kusini katika merikebu ya Quest, na wengi wa watu wake wa zamani wakamfuata. Tarehe 5 Januari, 1922, merikebu ikiwa South Georgia, alifariki kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 47. Aliacha madeni mengi, maana fedha hakujua kuzitunza. Safari haikuvunjika, kwani Wild alishika uongozi siku hiyohiyo. Mke wake Shackleton, Emily, aliomba azikwe kisiwani hapo, naye akazikwa Grytviken tarehe 5 Machi, 1922. Miaka 100 baadaye kamili, tarehe 5 Machi, 2022, wapelelezi waliikuta Endurance chini ya Bahari ya Weddell, mita 3,008, jina lake likisomeka vizuri nyuma ya merikebu.

Naye Frank Wild alihamia Afrika ya Kusini, akafanya kazi mbalimbali, akafariki huko mwaka wa 1939. Mwaka wa 2011 majivu yake yalipelekwa South Georgia yakazikwa karibu na kaburi la Shackleton, upande wa mkono wa kulia.

Wasomaji wapenzi, wengi wetu tutakuwa wakubwa wa kazi fulani, hata kama ni ya watu watatu tu. Viranja wenzangu wa mwaka ujao nawaomba wajiulize mambo manne kabla ya kubandika orodha mlangoni. Je, huyu nimpaye kazi anaijua? Ana amri ya kuifanya, au atabishiwa na wakubwa wa vidato vya juu? Vyombo vipo mkononi mwake? Na ikiharibika, nitasimama mimi mbele ya mwalimu, au nitamsukuma yeye?

Kuhusu yule mtoto wa kidato cha kwanza, Jumatatu yake nilikwenda kwa mwalimu wa zamu nikaeleza habari ya ufunguo. Adhabu iliyobaki niliimaliza mimi. Kisha nikamwomba mtoto radhi mbele ya bweni zima, maana nilimwaibisha mbele ya bweni zima. Aliniambia, yamekwisha kaka. Tangu siku hiyo ufunguo wa stoo anaushika yeye, na kila jioni anahesabu ndoo. Tulikuwa na ndoo tisa mwanzo wa muhula huu, na leo tunapofunga shule zipo tisa.